Kyalami: mbio 20 za Formula 1, hata moja katika Afrika ya Kusini huru

Kaskazini ya Johannesburg, kwenye njia ya kwenda Pretoria, kuna uwanja wa mbio za magari ambao mashabiki wa Formula 1 wanaujua dunia nzima: Kyalami. Mashindano ya ubingwa wa dunia yalifanyika hapo mara 20. Ya kwanza yalikuwa tarehe 2 mwezi wa kwanza 1967, ya mwisho tarehe 14 mwezi wa tatu 1993.

Mwaka mmoja na wiki chache baada ya mbio hizo za mwisho, tarehe 27 mwezi wa nne 1994, wananchi wa Afrika ya Kusini wa rangi zote walipiga kura pamoja kwa mara ya kwanza na kumchagua Nelson Mandela. Tangu siku hiyo mashindano ya Formula 1 hayajafanyika tena katika nchi hiyo, wala katika nchi nyingine yoyote ya Afrika.

Hiyo ndiyo ajabu ya Kyalami. Mchezo huu ulikuja karibu kila mwaka wakati wengi wa wenyeji hawakuwa na haki ya kupiga kura, na ulipotea pale walipoipata. Leo nchi kadhaa za bara zinapigania kuurudisha, na wageni wanaendelea kufika Kyalami kutazama njia ambayo mabingwa wakubwa walipita. Anayekwenda huko inafaa ajue anakanyaga udongo gani.

Jina lenye maana ya «kwetu»

Kyalami linatokana na maneno ya Kizulu «khaya lami», maana yake «nyumba yangu» au «kwetu». Msemaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa sana: «khaya» ya Kizulu ni ndugu wa «kaya» yetu.

Uwanja ulifunguliwa mwaka wa 1961. Kabla ya hapo, mbio kubwa za Afrika ya Kusini zilikuwa zikifanyika East London, mji wa pwani, ambako Grand Prix ya kwanza ya nchi hiyo ilikimbiwa mwaka wa 1934. East London ilipokea pia mashindano ya ubingwa wa dunia mara tatu, miaka ya 1962, 1963 na 1965. Lakini watu wengi na pesa nyingi vilikuwa Johannesburg, mji wa dhahabu, na ndiyo sababu Formula 1 ilihamia huko.

Kwa madereva wa Ulaya, safari ya Kyalami ilikuwa kama likizo. Mwezi wa kwanza kwao ni baridi na theluji, na huku jua linawaka. Timu zilikuwa zikifika mapema kujaribu magari yao, na madereva walilala kwenye hoteli ya Kyalami Ranch, karibu na uwanja, wakiota jua kando ya bwawa la kuogelea.

Kwa watu weusi, maisha yalikuwa mengine. Uwanja ulifunguliwa mwaka mmoja tu baada ya mauaji ya Sharpeville, ambapo polisi waliua watu 69 waliokuwa wakiandamana dhidi ya sheria ya vitambulisho, tarehe 21 mwezi wa tatu 1960. Sheria ya mwaka wa 1953 ilikuwa imekwisha kutenga mahali pa watu wote kufuatana na rangi ya ngozi: basi, vyoo, fukwe, viwanja. Jina la uwanja lilisema «kwetu» katika lugha ya Wazulu, lakini wenye lugha hiyo ndio waliowekwa kando.

Mzee wa Rhodesia aliyekaribia kushangaza dunia

Mbio za kwanza za ubingwa wa dunia Kyalami, zile za tarehe 2 mwezi wa kwanza 1967, nusura zitoe ushindi ambao hakuna aliyeutarajia. John Love, dereva wa miaka 42 kutoka Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, aliingia na gari lake mwenyewe, Cooper la zamani lenye moteri ndogo ya silinda nne. Magari ya timu kubwa yalianza kuharibika moja baada ya jingine, na Love akajikuta mbele ya wote.

Mizunguko ikiwa imebaki michache, ilibidi aingie kuongeza esanse. Pedro Rodríguez wa Meksiko akampita na kushinda. Love alimaliza wa pili. Hadi leo wazee wa mbio za magari kusini mwa Afrika wanaizungumzia siku ile kama mashabiki wa mpira wanavyozungumzia penalti iliyokosa.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 mwezi wa kwanza 1968, Mskoti Jim Clark alishinda Kyalami na kufikisha ushindi 25, akiipita rekodi ya Juan Manuel Fangio wa Argentina aliyekuwa na 24. Ulikuwa ushindi wake wa mwisho katika Formula 1. Miezi mitatu baadaye, Clark alikufa katika ajali huko Hockenheim, Ujerumani.

Siku hiyohiyo ya Mwaka Mpya wa 1968 kulitokea jambo ambalo lilionekana dogo, lakini likageuza sura ya mchezo mzima. Timu ya Love ilileta gari lililopakwa rangi za sigara za Gunston. Hadi wakati huo magari ya Formula 1 yalivaa rangi za nchi: kijani kwa Uingereza, nyekundu kwa Italia, buluu kwa Ufaransa. Gari lenye rangi za mfadhili lilikuwa jambo jipya. Leo hakuna gari la Formula 1 lisilojaa majina ya kampuni toka pua hadi mkia, na mwanzo wake ulikuwa Kyalami.

Hewa nyepesi, moteri inachoka

Kuna jambo moja la Kyalami ambalo mkaaji wa Goma au Bukavu ataelewa haraka kuliko shabiki wa London. Uwanja uko juu, karibu mita 1500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, sawasawa na miji hiyo yetu ya Kivu. Dereva anayepandisha lori kutoka Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, kwenda Bukavu anajua kwamba moteri haivuti juu kama ilivyovuta chini.

Sababu ni hewa. Moteri inachoma esanse kwa msaada wa oksijeni. Kwenye mita 1500 hewa ni nyepesi kwa asilimia 14 hivi kuliko kando ya bahari, kwa hiyo moteri ya kawaida inapata oksijeni kidogo na inapoteza nguvu. Moteri ya turbo ina kifaa kinachoshindilia hewa kabla ya kuiingiza kwenye silinda, basi hasara hiyo inapungua sana.

Kampuni ya Renault ya Ufaransa ilikuwa ya kwanza kuleta turbo katika Formula 1, mwaka wa 1977. Mwanzoni watu waliicheka, kwa maana gari lao lilitoa moshi na kuzimika mara kwa mara. Kyalami ilipunguza kicheko. Mwaka wa 1979, Jean-Pierre Jabouille alipata hapo nafasi ya kwanza ya kuanzia, ya kwanza kabisa kwa gari la turbo. Mwaka wa 1980 René Arnoux alishinda Kyalami na Renault, na mwaka wa 1982 Alain Prost akafanya vilevile. Baada ya muda mfupi timu zote kubwa zilikuwa zinatafuta turbo.

Moto na vifo

Historia ya uwanja huu ina damu pia. Njia ya zamani, yenye urefu wa kilomita 4,1, ilikuwa na sehemu moja ndefu iliyonyooka ikishuka hadi kona iitwayo Crowthorne. Magari yalifika hapo kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 270 kwa saa, na ulinzi wa wakati ule ulikuwa mdogo.

Mwezi wa tatu 1973, Clay Regazzoni wa Uswisi na Mwingereza Mike Hailwood waligongana. Gari la Regazzoni likawaka moto, mwenyewe akiwa amezimia ndani. Hailwood aliruka kutoka gari lake na kuingia katika moto. Nguo zake zikashika moto, akazimwa, akarudi tena hadi akamtoa mwenzake akiwa hai. Serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya ushujaa ya George Medal.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 22 mwezi wa tatu 1974, Mmarekani Peter Revson hakupata bahati hiyo. Alikuwa akijaribu gari lake kabla ya mashindano wakati sehemu inayoshika gurudumu ilivunjika. Aligonga ukingo wa chuma na kufa.

Lakini siku nyeusi zaidi ni tarehe 5 mwezi wa tatu 1977. Gari la Mwitaliano Renzo Zorzi lilisimama kando ya njia, ng'ambo ya sehemu ya makanika, na moto mdogo ukaonekana. Wasimamizi wawili wa njia walikimbia kuvuka ili kuuzima, mmoja wao akibeba mtungi wa kuzimia moto. Yeye alikuwa kijana wa miaka 19. Magari yalikuwa yanapanda kilima, na madereva hawakuweza kuona kilicho upande wa pili. Gari la Tom Pryce, dereva wa Wales mwenye miaka 27, lilimgonga kijana huyo na kumuua palepale. Mtungi ukampiga Pryce kichwani, naye akafa papo hapo. Gari lake liliendelea kushuka peke yake hadi Crowthorne, likagonga gari lingine, ndipo likasimama.

Niki Lauda wa Austria alishinda siku hiyo. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza tangu ajali ya moto ya mwaka wa 1976 iliyomchoma uso huko Ujerumani, ushindi ambao dunia nzima ingeufurahia. Hapakuwa na furaha.

Bingwa pekee kutoka Afrika

Kwa mashabiki wa Afrika ya Kusini, mwaka mzuri ni wa 1975. Jody Scheckter, kijana wa East London ambaye baba yake alikuwa na garaji, alishinda Kyalami na gari la Tyrrell. Ni yeye peke yake kati ya wenyeji aliyeshinda Grand Prix ya nchi hiyo tangu ianze kuhesabiwa katika ubingwa wa dunia.

Miaka minne baadaye, mwaka wa 1979, Scheckter akawa bingwa wa dunia na Ferrari. Hakuna Mwafrika mwingine aliyefika hapo, na Ferrari yenyewe ilingoja hadi mwaka wa 2000 kupata tena bingwa, Michael Schumacher.

Kyalami ilishuhudia pia mgomo mkubwa wa madereva. Mwezi wa kwanza 1982, viongozi wa mchezo walitaka kila dereva asaini mkataba ambao ungemfunga kwa timu yake. Lauda na Mfaransa Didier Pironi waliwapandisha wenzao katika basi na kuwapeleka kwenye hoteli moja ya Johannesburg. Walilala usiku ule katika chumba kimoja, magodoro chini, ili mtu yeyote asishawishiwe kutoroka. Mwitaliano Elio de Angelis aliwapigia piano. Kesho yake walikubaliana na viongozi, na mbio zikafanyika.

Madereva matajiri waliweza kugoma Johannesburg kwa ajili ya haki yao ya kazi na kupigiwa piano. Mfanyakazi mweusi wa migodi ya mji huohuo, akigoma, alihatarisha kazi yake na ruhusa yake ya kukaa mjini.

Mchezo uliokawia kuondoka

Michezo mingine ilikuwa imekwisha kufunga mlango. Shirikisho la mpira la Afrika liliitenga Afrika ya Kusini tangu kombe la kwanza la mataifa, mwaka wa 1957. Haikualikwa kwenye michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka wa 1964, na FIFA iliifukuza kabisa mwaka wa 1976. Tarehe 14 mwezi wa tatu 1974, Léopards wa Zaire waliifunga Zambia mjini Cairo na kubeba kombe la Afrika. Afrika ya Kusini haikuwamo katika mashindano hayo. Wiki mbili baadaye, Formula 1 ilikimbia Kyalami kama kawaida, na Carlos Reutemann wa Argentina akashinda.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1985. Mwezi wa saba serikali ya P. W. Botha ilitangaza hali ya hatari katika sehemu nyingi za nchi. Jeshi liliingia katika mitaa ya watu weusi. Hata hivyo, Grand Prix ilipangwa kwa Jumamosi, tarehe 19 mwezi wa kumi.

Serikali ya Ufaransa ilisukuma timu zake zisiende, na Renault na Ligier zilibaki nyumbani. Timu nyingine zilikwenda, ila wafadhili kadhaa waliomba majina yao yafutwe kwenye magari ili wasionekane.

Siku moja kabla ya mbio, tarehe 18, serikali ilimnyonga katika gereza la Pretoria Benjamin Moloise, mshairi mweusi ambaye nchi nyingi zilikuwa zimemwombea msamaha. Hasira ya watu ilifika hadi barabara za katikati ya Johannesburg. Kesho yake, kilomita chache kutoka Pretoria, moteri za Formula 1 zikawashwa. Mwingereza Nigel Mansell akashinda.

Zilikuwa mbio za mwisho chini ya apartheid. Kalenda ya mwaka wa 1986 haikuwa na jina la Kyalami.

Kurudi kwa muda mfupi

Mandela aliachiliwa mwezi wa pili 1990, na sheria kubwa za ubaguzi zikafutwa mwaka wa 1991. Formula 1 ikarudi haraka. Lakini Kyalami ya mwaka wa 1992 haikuwa ile ya zamani. Sehemu kubwa ya njia iliyonyooka iliachwa na kiwanja chake kutumiwa kwa majengo, na njia mpya yenye kona nyingi ikachorwa. Mansell alishinda mwaka huo. Mwaka wa 1993 Prost alimshinda Ayrton Senna wa Brazili, mvua kubwa ya radi ikianguka kuelekea mwisho.

Baada ya hapo, kampuni iliyoandaa mbio ilikwama kwa pesa, na uwanja ukauzwa kwa chama cha wenye magari cha Afrika ya Kusini. Nchi ilipokwenda kupiga kura mwezi wa nne 1994, Formula 1 ilikuwa imekwisha ondoka. Katika Grand Prix 23 za ubingwa wa dunia zilizofanyika Afrika ya Kusini, tatu za East London na 20 za Kyalami, hata moja haikuandaliwa chini ya serikali iliyochaguliwa na wananchi wote.

Kyalami ya leo

Mwaka wa 2014 uwanja uliuzwa kwa mnada. Mfanyabiashara Toby Venter, mkubwa wa Porsche Afrika ya Kusini, aliununua kwa randi milioni 205. Wengi waliogopa kwamba utageuzwa kuwa nyumba na maduka, kwa sababu bei ya viwanja Midrand inapanda kila mwaka. Badala yake, Venter aliutengeneza upya. Njia ya sasa ina urefu wa kilomita 4,5.

Mgeni atakuta majina ya zamani na mapya yakikaa pamoja. Crowthorne na Barbeque ni majina ya enzi za kwanza. Leeukop ni neno la Kiafrikaans, maana yake «kichwa cha simba». Ingwe ni «chui» kwa Kizulu. Baada ya Leeukop kuna mteremko mkali uitwao Mineshaft, shimo la mgodi, jina linalomkumbusha mtu kwamba mji huu ulizaliwa na dhahabu. Mkaaji wa Kolwezi au Likasi hatahitaji maelezo.

Anayetaka kugusa historia asimame kati ya Sunset na Clubhouse. Hapo njia inafuata karibu mkondo uleule wa zamani, alikopita Clark, Scheckter na Pryce. Pale Pryce na yule kijana walipofia hakuna tena njia ya mbio.

Uwanja haulali. Mwaka wa 2019 mashindano ya saa 9 ya Kyalami, ambayo yalikuwa maarufu miaka ya 1960, yalirudi na magari makubwa ya kimataifa, na Porsche ikashinda. Kuna pia mbio za kitaifa, mbio za moto, maonyesho ya magari, na siku za mafunzo ambapo watu wa kawaida wanajifunza kuendesha kwa mwendo mkali chini ya mwalimu.

Na nyuso zimebadilika. Gugu Zulu, dereva mweusi aliyeshindana kwenye viwanja na katika rali, alikuwa kipenzi cha vijana wa mitaa ambayo zamani haikuwa na mtu wake kwenye njia hizi. Alikufa mwezi wa saba 2016 akipanda mlima Kilimanjaro, Tanzania, katika safari ya kuchangia wasichana wa shule kwa jina la Mandela.

Nani ataurudisha mchezo Afrika?

Lewis Hamilton, bingwa mara saba na dereva wa kwanza mweusi wa Formula 1, amesema mara nyingi kwamba dunia ya mchezo huu haiwezi kuendelea kuisahau Afrika. Kyalami ilikaribia kurudi kwenye kalenda ya mwaka wa 2023, lakini mazungumzo hayakufika mwisho, na Spa-Francorchamps ya Ubelgiji ikabaki na nafasi yake.

Kizuizi kimoja ni cha ufundi. Shirikisho la dunia la magari, FIA, linataka uwanja wa Formula 1 uwe wa daraja la 1, nayo Kyalami ni ya daraja la 2. Mwezi wa sita 2025, FIA ilikubali michoro ya kazi zitakazoupandisha, na wenye uwanja wamepewa miaka mitatu kuzimaliza. Kizuizi cha pili ni pesa: nchi inayopokea Formula 1 hulipa mamilioni mengi ya dola kila mwaka, na katika Afrika ya Kusini yenye upungufu wa kazi, swali la nani atalipa ni zito.

Kyalami haiko peke yake. Cape Town inataka mbio ndani ya mji. Mwezi wa kumi na mbili 2024, Rais Paul Kagame alitangaza mjini Kigali kwamba Rwanda nayo inaomba. Ombi hilo liligusa moja kwa moja wakaaji wa mashariki mwa Kongo. Mwanzoni mwa mwaka wa 2025, wakati M23 ilipouteka mji wa Goma, waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliwaandikia viongozi wa Formula 1 akiwataka waachane na mazungumzo na Kigali. Kinshasa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaishutumu Rwanda kwa kuisaidia M23, Kigali inakanusha. Formula 1 ilijibu kwamba inafuatilia hali kwa karibu.

Anayeijua historia ya Kyalami hatashangaa kuona swali hilo likiulizwa. Mwaka wa 1985 nalo liliulizwa: je, magari yanaweza kukimbia na watu kushangilia bila kujali yanayotokea karibu na uwanja? Wakati ule mchezo ulijibu kwa kuchelewa.

Kwa wanaopanga safari

Kutoka Lubumbashi kuna ndege za moja kwa moja hadi Johannesburg. Mwenye pasipoti ya kawaida ya Kongo anahitaji visa, na asisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano: bila hiyo anaweza kurudishwa kwenye mpaka. Toka uwanja wa ndege wa O. R. Tambo, treni ya Gautrain inapeleka watu hadi Midrand kwa kubadilisha njiani, na kutoka kituoni teksi inamalizia safari.

Kabla ya kununua tiketi ya ndege, ni vizuri kuangalia kalenda ya Kyalami, maana siku nyingine uwanja umekodiwa na makampuni na mtazamaji haruhusiwi kuingia. Toka mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu, mvua ya radi huanguka mara nyingi mchana. Mwezi wa sita na wa saba ni kavu, lakini asubuhi ni baridi kali, na asiye na koti atajuta.

Wakongomani wengi wanaishi Johannesburg, hasa mtaa wa Yeoville, ambako msafiri atasikia Kiswahili, Lingala na Kifaransa barabarani na kupata fufu na sombe jioni. Kutoka huko hadi Kyalami ni mwendo wa gari usiofika saa moja, ikiwa barabara haina msongamano.

Pale uwanjani, rangi ya ngozi haiamui tena mtu akae wapi. Wakati Clark na Scheckter walipokuwa wakishinda hapo, sivyo ilivyokuwa.